Namba Kumi Asiye na Haraka

Jumapili, 8 Juni 1975

Ieleweke kwa vizazi vyote vijavyo vya kijiji hiki cha Kwediluwa, wilaya ya Handeni, kwamba leo, baada ya sala ya adhuhuri na sahani moja ya ugali wa unga wa msaada, mimi Kasmiri, fundi cherehani na katibu wa timu ya Jitegemee, nimeamua kubadili namba kumi.

Sijamwambia mtu. Hata namba kumi mwenyewe. Yeye hasa.

Hali ilivyo. Tumecheza mechi tano. Hatujafungwa hata goli moja. Hata moja! Tumefunga mawili. La kwanza alijifunga beki wao, alikuwa anapiga chafya. La pili mpaka leo tunabishana nani alifunga. Mkata wako mbele yetu kwa pointi moja, zimebaki mechi mbili. Atakayeongoza anakwenda Korogwe siku ya Saba Saba kucheza na Magoma, mabingwa wa huko. Atakayeshinda hapo, mkoani.

Mabeki wetu hawana tatizo. Wako wanne, na mashamba yao manne yamepakana kwenye ukingo wa pori. Hata kule tulikokuwa kabla ya kuhamishwa walikuwa ukingoni. Tangu watoto wanalinda mahindi, nguruwe upande huu, nyani upande ule. Kepteni Shida husema nguruwe hakimbizwi. Unamwachia njia moja tu, akifika anakukuta. Kwake mshambuliaji ni nguruwe aliyevaa bukta.

Tatizo ni namba kumi. Kazi yake ni kupokea mpira kwa mabeki na kuwagawia washambuliaji. Wetu anapokea. Anauwekea mguu juu. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Jumapili iliyopita bibi mmoja alianza kusuka ukili pale Mhina alipoupata mpira. Mpaka anautoa, ukili umefika urefu wa mkono. Na aliutoa wapi? Nyuma. Kwa beki!

Sasa neno gumu. Mhina ni shemeji yangu, kamwoa dada yangu Chausiku. Mwaka jana tulipohamia hapa lori lilijaa, wakasema cherehani ibaki. Mhina akarudi kwa miguu kuifuata. Aliibeba kichwani maili tisa. Alipofika aliitua. Aliomba maji.

Lakini mpira ni mpira.


Jumatatu, 9 Juni

Nimempata!

Anaitwa Taiyo, mwana wa mzee Moringe, wafugaji wa kule mbugani. Alileta shuka nilikunje pindo. Amesimama mlangoni, mpira wa wanafunzi ukaviringika mpaka miguuni mwake. Akaupiga. Kijiji chetu kimepimwa kwa kamba, nyumba zimepangwa mistari, kwa hiyo umbali hauna ubishi: ulivuka mistari mitatu, ukaangukia kwa balozi wetu wa nyumba kumi aliyekuwa amelala kibarazani. Mimi huku nashona bila kutazama. Nimeshonea shuka la watu kwenye shati langu.

Nilimwuliza kama anaujua mpira. Akasema anajua ng'ombe. Nikamwambia ni kitu kilekile: vichwa kumi, havina akili, wewe unavipeleka kunakotakiwa. Akafikiri, akasema kama ni hivyo anaweza, ila baba akubali.

Mzee Moringe amekubali jioni, baada ya kucheka mpaka akashika mbavu. Alisema tangu azaliwe hajaona watu wazima wakifukuza ngozi ambayo ndani yake hamna ng'ombe.


Jumanne, 10 Juni

Mhina alikuja na karatasi. Anahudhuria kisomo cha watu wazima, jina lake analiandika vizuri, lakini barua bado inamshinda. Alitaka nimwandikie Tatu.

Tatu ni binti yake wa pekee. Ameolewa Korogwe ya zamani na Abdi, kijana wa reli. Mwezi wa kwanza alijifungua mtoto wa kiume. Mhina hajamwona huyo mjukuu. Nikamwuliza kwa nini asiende tu, Korogwe si Ulaya.

Alinitazama kama anatazama mtoto. Akasema, shemeji, mtu haendi kwa mkwewe bila sababu, tena mikono mitupu, tena mwaka wa njaa. Akishuka tu kwenye basi watu watasema, tazameni, mzee wa Handeni kafuata chakula. Na mkwe atampa chakula, hilo ndilo litakalomwua. Lakini aliyekwenda kucheza mpira amekwenda kucheza mpira. Binti akija uwanjani na mtoto mgongoni, nani atasema nini?

Basi, akanitajia maneno: njoo siku ya Saba Saba, utamwona baba yako amevaa jezi namba kumi. Mimi nikaandika: njoo siku ya Saba Saba, utamwona baba yako. Jezi niliiruka. Nilijiambia karatasi imekwisha. Karatasi haikuwa imekwisha.

Mambo yalivyo ni haya. Mhina akicheza, hatufiki Korogwe. Tukifika Korogwe, Mhina hachezi. Nimeyasoma maneno haya mara tatu. Bado ni vilevile.


Jumatano, 11 Juni

Hila ya kwanza. Jezi zote hukaa kwangu kwa kushonwa na kufuliwa. Leo nimeipunguza jezi namba kumi, vidole viwili kila upande. Nia: Mhina aivae, ikwame mabegani, aseme mwenyewe kwamba umri umepita. Hila safi. Haina matusi wala machozi.

Jioni nikampelekea. Akaivaa. Ikamkaa sawasawa!

Akageuka huku na huku. Akanishukuru. Akasema tangu njaa ianze ilikuwa inampwaya, alikuwa anaona haya kuniambia nisije nikadhani anajali mapambo. Dada Chausiku akatazama kando.

Nilikuwa sijui amekonda kiasi hicho. Na namwona kila siku.

Nimerudi nyumbani. Leo sina la kuongeza.


Alhamisi, 12 Juni

Nina la kuongeza. Hila ya pili.

Sheria ya kijiji: asiyemaliza ngwe yake kwenye shamba la ujamaa siku ya Alhamisi, hachezi Jumapili. Kilimo ni cha kufa na kupona, si mpira. Kwa hiyo jana wakati naaga nilimwambia Mhina kwamba leo hakuna kazi, imesogezwa mpaka Ijumaa. Kisha asubuhi nikaenda kumwona Mwalimu Ernesti, mkufunzi wa timu, nimwandae kwa habari ya Taiyo.

Kumbe Mwalimu naye analo moyoni mwezi mzima. Akasema ameshindwa kumwambia Mhina. Nikamwuliza, wewe unayechapa watoto mia mbili unamwogopa mtu mmoja? Akasema mtu mkali angemweza, lakini Mhina hakasiriki, sasa utaanzia wapi? Tukakubaliana lazima aambiwe. Yeye akasema nimwambie mimi. Mimi nikasema amwambie yeye. Tukapeana mikono tukaachana.

Nimefika shambani saa nne. Mhina yuko pale! Alikuwa amefuata jembe alilolisahau juzi, akakuta watu wanapalilia mihogo, akaingia. Alimaliza ngwe yake saa mbili. Akaona yangu haina mtu. Akapalilia na yangu. Mwenyekiti alipouliza Kasmiri yuko wapi, Mhina alimjibu kwamba shemeji yake anaumwa tumbo.

Mwenyekiti akasema pole, lakini ngwe iliyolimwa na mtu mwingine haihesabiki. Sheria ni sheria. Aliyefungiwa Jumapili ni mimi. Katibu! Nitakaa nyuma ya kamba pamoja na wauza karanga.


Ijumaa, 13 Juni

Dada Chausiku kaja kabla sijafungua mlango vizuri. Shikamoo yangu hakuijibu. Habari za mimi na Mwalimu zimeshafika. Katika kijiji cha mistari habari hazipindi kona.

Alisema: we Kasmiri, marehemu mama aliniachia wewe nikulee, nikakulea, sasa unataka kumvua mume wangu nguo? Nikasema si nguo, ni jezi. Akasema tangu barua ile iende Mhina anaoga mara mbili kwa siku. Ananyoa ndevu. Jana alimkuta nyuma ya nyumba anapiga papai kwa mguu, mtu wa miaka thelathini na tisa. Akaniuliza kama moyo wangu ni wa nyama au wa kitambaa. Akaondoka. Baada ya hatua nne akarudi, akaniachia bakuli la maboga. Ndivyo alivyo.

Nimekaa na yale maboga. Matamu. Nimeamua kufuta mpango wote. Kabisa! Wallahi.

Saa kumi Mhina mwenyewe akaja. Ameikunja jezi, ameiweka juu ya cherehani. Akasema, shemeji, goti linaniuma, Jumapili mpeni yule kijana wa Moringe, nimemwona, ana mguu. Nikamwuliza goti lipi. Akafikiri kwanza. Akasema la kulia. Akaondoka anachechemea la kushoto.

Mpango umefanikiwa siku niliyoufuta, tena bila mimi. Sijafurahi hata kidogo. Lakini ni kweli kijana ana mguu.


Jumapili, 15 Juni

Jitegemee 3, Misima 3.

Magoli matatu! Nyuma ya kamba wauza karanga walinikumbatia. Mhina alikaa benchi, goti limefungwa kitambaa.

Taiyo ni ajabu. Mchungaji hatangulii ng'ombe, hukaa nyuma yao, basi naye alikaa nyuma ya washambuliaji na kuwapigia mluzi. Mluzi mmoja, nendeni. Miluzi miwili, rudini. Habakuki, winga wetu wa kulia, alisimama katikati ya mchezo akasema yeye si mtamba wa mtu. Kabla hajamaliza kusema, mpira ukatua mbele yake, hakuna beki karibu. Akafunga. Baada ya hapo akawa anasikiliza mluzi kuliko ng'ombe wenyewe.

Upande wa pili wa habari. Mpira ulikwenda upesi na ulirudi upesi. Ulikuwa ukirudi na watu. Mabeki walikosa nafasi hata ya kutema mate. Goli la tatu la Misima, Shida alikuwa ameinama ameshika magoti, mshambuliaji akampita, akamwambia pole mzee.

Mkata nao wametoka sare. Bado wametuzidi kwa pointi moja. Jumapili ijayo tunacheza nao, kwao. Tukishinda tunakwenda Korogwe. Sare haisaidii kitu.


Jumatatu, 16 Juni

Mabeki wote wanne wamekuja mlangoni kwangu. Walisimama mstari mmoja, nafasi sawa kati ya mtu na mtu. Nadhani hawajui tena kusimama vingine.

Shida alisema. Akasema, Katibu, Mhina akiukanyaga mpira nyinyi mnaona mzee kasinzia. Sisi tunaona maji. Tunakunywa. Tunafunga kamba za viatu. Mechi ya tatu Mhina aliushika mpira mpaka yeye Shida akamaliza na jirani yake ugomvi wa mpaka wa shamba, ulioanza Februari. Adui anasubiri, anachoka, anakuja kwa hasira, na nguruwe mwenye hasira ni mwepesi. Jana mpira ulikuwa unakwenda na kurudi kama mtu anapepeta. Sisi ni watu, Katibu, si magogo.

Kwa kifupi: bila Mhina hawachezi.

Nimeyapima maneno yao kwa makini. Nimegundua tatizo letu. Mabeki ni wavivu. Mwakani nitawabadili.

Mwalimu ameamua Mhina arudi namba kumi na Taiyo asogee mbele, namba tisa. Mhina ameambiwa. Akasema bahati nzuri goti limepona. Nikauliza lini. Akasema leo asubuhi.

Jezi niliichukua nimrudishie vile vidole viwili viwili. Akanizuia. Iache, shemeji, imenikaa.


Jumapili, 22 Juni

Naandika kabla hata sijavua viatu.

Alhamisi nililima ngwe mbili ili wasipate la kusema, kwa hiyo leo nilikuwa benchi kihalali. Uwanja wa Mkata uko kando ya barabara kubwa. Wachezaji wao karibu wote wanaishi kwa mabasi: huyu machungwa, huyu mahindi ya kuchoma, huyu mikeka. Wana mbio. Mtu anayekimbilia dirisha la basi kila siku, huwezi kumfundisha mbio.

Kipindi cha kwanza hakuna kitu. Ukuta wetu uko imara, Mhina anaukanyaga mpira, Shida anakunywa maji. Taiyo huko mbele anateseka. Kila dakika anageuka nyuma. Mapumziko alisema hawezi kutulia mifugo ikiwa mgongoni kwake, anahisi mmoja atapotea.

Kipindi cha pili. Dakika zinakwenda. Sare haitusaidii! Mhina akapata mpira katikati ya uwanja. Akauwekea mguu juu. Akasimama.

Nilipiga kelele toa. Mwalimu akapiga kelele toa. Taiyo akapiga mluzi. Watu wa Mkata wakaangua kicheko, mmoja akauliza kama mzee aletewe mkeka na mto. Kiungo wao akaja kuunyang'anya, Mhina akausogeza kwa mguu upana wa kiganja kimoja tu, yule akapita na hewa. Akaja mwingine, kiganja kingine. Amesimama. Sauti yangu ilikatika hapo.

Ndipo honi ikalia. Basi la Korogwe! Honi nne, kama kawaida yake. Vichwa vyote vya Mkata vikageuka barabarani. Beki wao wa kati, muuza machungwa, alishapiga hatua tano kabla hajakumbuka yuko wapi. Kipa wao, huyu ana mke anayeuza mihogo, alipaza sauti: Abiria!

Mhina akautoa mpira. Upesi! Miaka yote sijamwona akiutoa upesi. Ulipita pale alipotakiwa kuwa muuza machungwa, ukamkuta Taiyo, na Taiyo akaupiga kama ule wa siku ya shuka, ila chini kidogo.

Moja bila! Dakika zilizobaki Shida na wenzake walizimaliza kama watu wanaofunga zizi.

Nilimwuliza Mhina alijuaje. Akasema, lile basi hupita saa kumi na moja kasoro dakika tano, siku nyingine huchelewa kidogo. Analijua. Kila Jumamosi analeta mkaa hapa Mkata. Nikasema lakini mkaa wako huisha saa sita. Akasema ndiyo, huisha saa sita.

Sikumwuliza anafanya nini hapo mpaka saa kumi na moja.

Tunakwenda Korogwe. Kwa kumbukumbu rasmi: goli lilifungwa na Taiyo, na Taiyo nilimleta mimi. Kwa hiyo mabadiliko ya namba kumi yamezaa matunda. Imeandikwa.


Jumanne, 8 Julai

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo.

Tulikwenda na lori la kijiji, wachezaji na dada Chausiku na jembe moja ambalo hakuna aliyejua limepandaje. Mhina alikuwa amevaa jezi tangu nyumbani, juu yake koti, juu ya koti shuka, ili isishike vumbi.

Tatu hakuwepo tulipofika. Mchezo ukaanza hayupo. Mhina alicheza kama kawaida, anapokea, anakanyaga, anatazama. Magoma ni watu wa subira, nao wakasimama wakamtazama. Kwa muda uwanja mzima ulikuwa umesimama. Watu wa Korogwe wakaanza kuzomea.

Dakika ya kumi na mbili, kama sikosei. Mhina ana mpira. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akabaki hapohapo, kulia. Nikajua amepanga kitu. Nikatazama barabarani. Hakuna basi! Nikatazama tena upande anakotazama yeye. Nyuma ya goli letu, pembeni ya umati, amesimama Tatu na kanga ya njano, na mgongoni kichwa kidogo.

Mhina akausukuma mpira taratibu nje ya mstari. Akamwinulia Mwalimu mkono. Akatoka. Hakuchechemea mguu wowote.

Tatu akapiga goti, shikamoo baba. Akafungua kanga akampa mtoto. Mhina akampokea kwa mikono miwili kama anapokea yai la bata. Mtoto akamtazama, akaishika kola ya jezi, hakuiachia.

Taiyo akarudi namba kumi. Tulifungwa manne, yote kipindi cha kwanza. Manne! Na Mhina alikaa nyuma ya lile goli mechi nzima, mgongo wake uwanjani, mtoto magotini. Kila goli lilipita hatua sita nyuma yake, hakugeuka. La tatu mtoto alishtushwa na kelele akalia. Hapo ndipo Mhina alipogeuka, akamwambia Shida kwa ukali wapunguze zogo. Mara yangu ya kwanza kumsikia akikasirika.

Dada Chausiku alikuwa analia na kucheka. Mimi macho yalikuwa yananiwasha. Korogwe ina vumbi sana.

Baada ya mchezo alikuja Abdi, yule mkwe. Kijana ana adabu. Alisimama mbali, akamwamkia Mhina akitazama chini, kisha akamgeukia Mwalimu, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba haiwezekani timu kutoka Handeni ipite mjini hapa bila kula kwake. Timu nzima! Watu kumi na saba. Hakusema baba mkwe. Alisema timu. Sijui nani alimfundisha kijana huyu kufikiri.

Tulikula wali na maharage. Mhina aliketi kibarazani, amegeukia ukuta kidogo kama inavyopasa mtu akiwa kwa mkwewe, na Abdi hakumkaribia, sahani ilipitishwa kwa Habakuki. Hakuna aliyetaja njaa. Tatu aliongeza wali kwenye sahani ile mara mbili, baba yake akajifanya hajaona.

Kwenye lori Mhina aliniuliza tumefungwa ngapi. Nikamwambia manne. Akasema, si mbaya.


Alhamisi, 17 Julai

Siku tisa nimefikiri. Sasa naona mambo yote kwa uwazi.

Hatukufungwa kwa sababu ya namba kumi. Tulifungwa kwa sababu tulikuwa na namba kumi wawili na hatukupanga nani acheze saa ngapi. Mwakani: Taiyo kipindi cha kwanza, kwa mbio. Mhina kipindi cha pili, kwa mapumziko ya mabeki. Mabeki wote wabadilishwe. Isipokuwa Shida. Na wale watatu, kwa kuwa wanasimama vizuri na Shida. Kisha niandike saa za mabasi yote yanayopita karibu na viwanja vyote vya wilaya. Kama uwanja hauna basi, litafutwe basi. Kurasa nne, nimezishona kwa uzi mwekundu.

Asubuhi hii nimempelekea Mhina aone. Sikumkuta. Dada Chausiku alikuwa anapepeta, akasema ameondoka alfajiri, amekwenda Korogwe.

Nikauliza Korogwe leo kuna mechi gani. Akasema hakuna mechi. Ni Alhamisi.

Papo hapo nikaelewa. Wamemchukua! Siku ile ya Saba Saba uwanja umejaa watu, walimwona jinsi anavyoukanyaga mpira, sasa wamemwita kwa siri ajiandikishe kwao. Shemeji yangu mwenyewe! Mtu niliyempigania wakati wote wanataka kumtoa! Nimekimbia nyumbani, nimeanza barua ya malalamiko kwa katibu wa mpira wa wilaya, aya mbili kali. Kisha nikaona barua ya malalamiko haina nguvu bila ushahidi. Nimerudi kwa dada kumwuliza, kwa uangalifu, Mhina alibeba nini.

Akasema alibeba jogoo mmoja na kile kimkeka kidogo alichomsukia mtoto.

Nikauliza, na viatu vya mpira?

Viatu vya mpira ameviacha.